Dende wamekufa, watoto wanaumwa kichwa



Juma hili maswali ya wanyama wa nyumbani na maswali ya moshi wa mashine yamefika pamoja, kutoka Kavimvira hadi Makobola. Tunayajibu pamoja vilevile, kwa sababu katika parsele zetu mbwa, paka, kuku, dende, pikipiki na grupu vinalala ndani ya ukuta mmoja, na watoto wetu wako katikati yake. Tutaanza na swali lililotutisha.

Mama mmoja wa Mulongwe anafuga dende kumi na wawili ndani ya sanduku jikoni. Umeme ukikatika usiku, baba wa nyumba anawasha grupu ndogo kwenye ukumbi wa nyuma, kati ya jikoni na chumba cha watoto. Nje haiwezi kukaa, anasema, kwa sababu ya wezi na mvua. Tunamwelewa: tangu mafuriko ya Aprili 2020, watu wa kando ya mto hawaachi kitu cha thamani chini uani. Asubuhi moja akakuta dende saba wamekufa, hawana kidonda, hawakuhara. Watoto wawili wakaamka wanaumwa kichwa na kutapika, naye akawanunulia dawa ya malaria. Anatuuliza dende wamepata ugonjwa gani, na kama nyama yao inaliwa.

Mama, nyama usile. Mnyama uliyemkuta amekufa haendi kwenye sufuria hata siku moja. Na kwa jinsi ulivyotueleza, hatuoni ugonjwa wa dende hapa, tunaona grupu. Usiiwashe tena mahali hapo, hata usiku mmoja. Ukishamaliza kusoma safu hii, mwonyeshe na baba watoto.

Kila mashine inayochoma esansi au mazutu inatoa ndani ya moshi wake gesi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Ile harufu ya moshi tunayoijua inatoka kwenye vitu vingine, kwa hiyo unaweza kufikiri moshi umeisha, kumbe gesi bado imejaa chumbani. Ikiingia kwenye mapafu, damu inaishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshika oksijeni. Mtu anaendelea kupumua kama kawaida, lakini damu yake haibebi tena kile ambacho mwili unahitaji. Aliyelala anaweza asiamke kabisa.

Mama wengine wanatuambia kwamba moshi unapanda juu, hivyo anayelala chini kwenye mkeka yuko salama. Si kweli kwa gesi hii. Uzito wake unakaribiana na ule wa hewa, nayo inaenea chumba kizima, juu na chini, na inapita chini ya mlango hadi chumba cha pili. Dende hawakutangulia kufa kwa sababu walikuwa chini. Walitangulia kwa sababu mwili wao ni mdogo na wanapumua haraka sana kuliko sisi. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walilijua jambo hili vizuri. Mtaalamu John Scott Haldane ndiye aliyewashauri, mwishoni mwa karne ya 19, watumie mnyama mdogo kama alama ya hatari. Wakawa wanashuka mgodini na ndege mdogo aitwaye kanari ndani ya kizimba. Ndege akilegea na kuanguka, watu wanakimbilia nje. Desturi hiyo iliendelea hadi 1986, ndipo vifaa vya umeme vilipochukua nafasi yake. Sisi hatufugi dende kwa kazi hiyo, tunawafuga kwa ajili ya ada ya shule na mboga. Lakini dende, kifaranga au sungura akifa ghafla usiku ambao mashine iliwaka karibu, tusianze kumtafuta mchawi wala sumu ya jirani.

Sasa hilo la malaria. Hapa kwetu mtoto akisema kichwa kinauma na akatapika, neno la kwanza mdomoni mwetu ni malaria, na mara nyingi tunasema kweli. Ndiyo maana gesi hii inatupita machoni. Tuangalie mambo matatu. Malaria kwa kawaida inaleta homa. Gesi hii mara nyingi hailetei mtu joto la mwili. Malaria haiwashiki watu wa nyumba nzima saa moja. Gesi inawashika wote waliokuwa ndani, mkubwa na mdogo. Na mtu wa gesi akitoka nje akakaa kwenye upepo wa ziwa, anaanza kupata nafuu, kisha akirudi ndani kichwa kinamrudia. Ukiona hivyo, zima mashine, fungua milango yote, toa watu wote nje, halafu uende kituo cha afya hata kama wanasema wamepona. Mama mjamzito asingoje kabisa, kwa sababu mtoto wa tumboni anaumizwa na gesi hii kuliko mama mwenyewe, naye anachelewa zaidi kuitoa mwilini.

Ukifika kwa muuguzi, usiseme tu "anaumwa kichwa". Mwambie: tulilala grupu ikiwaka karibu. Tunasisitiza hivyo kwa sababu mbili. Kipimo cha malaria kinaweza kuonyesha ndiyo kwa mtoto wa kwetu hata kama si malaria inayomsumbua siku hiyo. Na kile kifaa kidogo cha kubana kidole, kinachoonyesha kiasi cha oksijeni, kinadanganywa na gesi hii: damu iliyoibeba inasomeka kama damu nzima, na namba inatoka nzuri. Matibabu yenyewe ni oksijeni, na muuguzi ataifikiria mapema kama umemweleza habari yote.

Grupu ikae wapi basi? Iwe nje, mita 6 au zaidi kutoka kwenye mlango na dirisha, na bomba lake la moshi lisielekee kwa mtu yeyote, wala kwa jirani. Ukumbi wenye paa na kuta tatu tunauhesabu kuwa ndani. Kwa wezi na mvua, tumeona familia zilizojenga kibanda kidogo cha matofali chenye mabati juu, wazi pande mbili zenye nondo, na mnyororo wa kufuli umeshikwa kwenye saruji. Pale ambapo parsele zimebanana na mita 6 hazipatikani, nyumba mbili au tatu zinaweza kuchangia grupu moja na kuiweka mahali pa wazi, kuliko kila mtu kuficha ya kwake chumbani. Na kama haiwezekani hata hivyo, afadhali kulala na taa ndogo ya jua. Tunajua kufungua dirisha kumekuwa jibu la watu wengi. Dirisha halitoshi.

Mama wenye saluni za kusuka na wenye vibanda vya kuchaji simu, haya ni yenu pia. Grupu nyuma ya ukuta wa mbao, mtoto mgongoni, kuanzia asubuhi hadi jioni: kichwa kinachowauma kila siku kazini na kuacha siku ya Yesu au ya Ijumaa, mkichunguze. Na mbabula ya makala inatoa gesi ileile. Ndugu zetu wanaoshuka kutoka milimani Bijombo wamezoea kuiingiza ndani usiku kwa ajili ya baridi. Huku chini baridi hakuna, lakini mvua ikinyesha tunapikia ndani na kuiacha makala imalizike taratibu tukiwa tumelala. Itoe nje kabla ya kufunga mlango.

Pikipiki inayolala sebuleni haina shida ikiwa imezimwa. Shida ni saa kumi na moja asubuhi, motari anapoiwasha ndani ili ipate joto huku watoto wamelala. Aisukume kwanza hadi barabarani. Na bidoni ya esansi isilale chumbani. Watu wa Sange hawahitaji kukumbushwa tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipoanguka na kuwaka, watu zaidi ya 230 wakafa.

Swali la pili limetoka kwa kikundi cha wauza ndagala wa Kalundu wanaopanda kwenda Bukavu. Wanasema kwamba katika gari moja wanalolipia, kila safari watu wa nyuma wanatapika na watoto wanalala usingizi mzito kabla hata ya kufika Kamanyola. Dereva anasema ni kona za barabara. Tulimuuliza mama aliyeleta swali jinsi mzigo unavyopakiwa, akatuambia mlango wa nyuma haufungiki, unafungwa kwa kamba ukiwa wazi nusu. Hapo ndipo jibu lilipo. Gari likitembea, hewa ya nyuma yake inazunguka na kurudi ndani kupitia mlango ulio wazi, na inakuja na moshi wa bomba. Kufungua dirisha moja la mbele hakusaidii sana, pengine kunauvuta zaidi. Kona zinatapisha watu, ndiyo, lakini kona za Ngomo ziko baada ya Kamanyola, wala haziko kwenye uwanda wa Ruzizi.

Mambo ya kumdai dereva ni haya. Mzigo upungue au upande juu ya gari, mlango wa nyuma ufungwe kabisa. Bomba la moshi, lile mafundi wanaliita eshapema, litazamwe toka kwenye injini hadi mwisho: likitoboka katikati, moshi unatokea chini ya viti na kupenya kwenye matundu ya kutu. Utalitambua kwa kelele, gari linanguruma kuliko jana. Kulichomelea ni kazi ya fundi ya saa chache. Nyinyi ni wateja wa kila juma, na mkisema kwa sauti moja atasikia. Akikataa, mzigo wenu una thamani kwa dereva mwingine.

Kwa vikundi vya likelemba vilivyonunua pikipiki au gari na kumkabidhi mtu: mnaweza kusoma moshi bila kuwa mafundi. Moshi mweusi, mashine inapewa mafuta mengi kuliko hewa. Mara nyingi chujio la hewa limejaa vumbi, na kwa vumbi letu hilo ni la kila mara. Moshi wa bluu, inachoma oili ya injini, na gharama kubwa iko njiani. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata joto, maji yanaingia ndani ya injini ya gari; simamisha kabla haijafa. Mvuke mweupe mdogo wa asubuhi hauna neno.

Mengine tunayapitia haraka.

Paka anayelala ndani ya injini ya gari anafuata joto, hasa akiwa na watoto. Piga kapo kwa mkono mara mbili tatu na usubiri kidogo kabla ya kuwasha, na uchungulie chini kwa ajili ya kuku na mtoto anayetambaa. Tunaweka kuku na mtoto katika sentensi moja kwa sababu wote wanapenda kivuli cha gari.

Mtoto aliyeungua mguu kwenye bomba la pikipiki: maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, yai, mawese na unga hapana, vinashika joto na kuleta uchafu. Lengelenge usilipasue. Mtoto mchanga, au jeraha kubwa kuliko kiganja chake, aende hospitali. Bomba mara nyingi liko upande wa kulia, basi tuwafundishe kupanda na kushuka kushoto.

Mama wa Kasenga anauliza kama ni kweli kwamba oili chafu ya vidanji inaponya upele wa mbwa. Wengi wanaipaka. Mbwa anajilamba, oili inaingia tumboni na pia kupitia ngozi, inaharibu ini na figo, na watoto wanaomkumbatia wanaipata mikononi. Mwogeshe kwa sabuni na umwone veterineri. Kuna dawa, na kipimo chake kinafuata uzito wa mnyama. Usiache, kwa sababu upele huo unaweza kuwawasha na watoto.

Limebaki swali la mama wa Kilomoni, ambaye mtoto wake ameumwa na mbwa wa jirani Jumapili, na ambaye ameweka jiwe jeusi juu ya kidonda. Swali la kichaa cha mbwa tutalipa safu nzima juma lijalo. Lakini wewe, mama, usingoje gazeti. Osha kidonda leo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, hata kama siku zimepita, umpeleke mtoto hospitali leo hii uulize chanjo, na mwambie jirani asimuue mbwa bali amfunge na kumwangalia siku 10. Chanjo inafanya kazi kabla dalili hazijaanza. Zikishaanza, karibu hakuna anayepona.