Pikipiki ikigoma, mdomo usiwe pampu

Msomaji, katika safu hii umezoea kunisoma nikiandika kuhusu presha, lishe na chanjo. Leo nivumilie nianze na pikipiki, maana ndiyo iliyonikimbiza zahanati na mdogo wangu.

Mwezi uliopita nilikuwa likizo nyumbani, Kilosa. Mama alikuwa na siku yake ya kliniki ya presha na vidonge vyake vilibaki vya siku mbili tu. Usafiri wetu ni pikipiki ya Baba, aliyoinunua enzi zake akiwa bwana shamba. Ni ya kabureta na kiki, haina mambo mengi. Ila tangu Baba aanze kusumbuliwa na goti, ilikuwa imekaa chini ya mwembe miezi mitano bila kuwashwa.

Mdogo wangu alipiga kiki mpaka shati likalowa jasho. Kimya. Akatoa hukumu: "Mafuta yameharibika, yatolewe." Kabla sijasema neno, ameshachomeka mpira kwenye tanki na kuvuta kwa mdomo. Funda la petroli likampalia. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

Mama akakimbilia maziwa ili atapike. Hapo nikapiga kelele: "Mama, asitapike!"

Wengi wetu tumekua tukiamini maziwa huua sumu. Kwa petroli, hofu kubwa kuliko zote ni mapafu. Petroli ni nyepesi na huteleza upesi kuingia njia ya hewa. Hata kiasi kidogo kikifika kwenye mapafu kinaweza kuyaumiza na kuleta nimonia. Ukimtapisha mtu, unaipitisha petroli kooni mara ya pili.

Kwa hiyo usimpe maziwa, mafuta ya kula wala maji ya chumvi, na usimtie kidole kooni. Asukutue mdomo na kutema. Mvue nguo zilizolowa, ngozi ioshwe kwa maji na sabuni, kisha akae wima. Mpeleke kituo cha afya hata akisema yuko salama, kwa sababu kikohozi na kubanwa pumzi vinaweza kuzidi saa kadhaa baadaye.

Bodaboda wa jirani alitupeleka. Mganga alimsikiliza kifua, akampima oksijeni, akatuzuia pale hadi jioni. Namshukuru Mungu, mdogo wangu alitoka na kikohozi cha siku mbili tu. Siku ya kliniki ya Mama ikawa imepita.

Usiku Baba alituambia neno moja: "Mmetibu kabla ya kupima." Asubuhi akaketi kwenye kigoda chake, akamwelekeza mdogo wangu hatua kwa hatua. Nami nikaandika.

Kwanza, mambo madogo. Swichi nyekundu ya kuzimia iliyo kwenye usukani iko upande wa kuwaka? Gia iko nyutro? Tanki lina mafuta, na koki imefunguliwa? Kama mafuta ni kidogo, geuza koki upande wa akiba. Legeza pia kifuniko cha tanki, kwa sababu tundu lake la hewa likiziba, mafuta hayashuki.

Pili, fungua plagi baada ya kupiga kiki mara kadhaa, uitazame. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika ila hayawaki: huenda cheche hakuna, au umezidisha choki. Ikiwa na masizi meusi, ikague filta ya hewa. Kupima cheche, rudisha plagi kwenye waya wake, iegemeze kwenye chuma cha injini mbali na tundu lake, ishike kwa koleo lenye mpira, kisha mwenzako apige kiki. Usifanye hivyo penye petroli iliyomwagika.

Ya kwetu ilikuwa kavu. Basi mdogo wangu alikuwa amekisia karibu na ukweli, ila njia yake ndiyo ilikuwa ya hatari. Baba akamwambia achomoe mpira unaotoka kwenye koki kwenda kwenye kabureta, auelekeze kwenye dumu, afungue koki. Petroli ikashuka yenyewe. Tanki liko juu, dumu liko chini. Wa kunyonya ni nani?

Kwenye kabureta tulikuta mabaki ya rangi ya chai yananata. Petroli ikikaa miezi, sehemu yake nyepesi huruka na huacha utando unaoziba vitundu vyembamba. Tukavisafisha kwa petroli mpya na pampu ya baiskeli. Kupuliza kwa mdomo Baba alikataa kabisa. Kazi yote ilifanyika nje, mbali na jiko na sigara. Hata kuwasha, washa nje: moshi wa injini ndani ya chumba una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, nayo huua.

Kiki ya nne, pikipiki ikaitika. Mama alifika kliniki akiwa na kidonge kimoja mkobani.

Ukiwa na pikipiki ya zamani nyumbani, iwashe angalau mara moja kwa wiki, au mwaga mafuta ya kabureta kabla ya kuilaza. Weka namba ya bodaboda unayemwamini kwenye simu ya kila mtu wa nyumba, maana mgonjwa hasubiri plagi ikauke. Nawe uliyezoea kuvuta petroli kwa mdomo kwa sababu "sijawahi kupata shida", mdogo wangu naye alisema hivyo hivyo tukiwa njiani kwenda zahanati, katikati ya kikohozi.

Tukutane wiki ijayo.