Printa ya nyumbani: uliza wino kabla ya bei

Mfanyabiashara wa Tabora anayetafuta printa ya kompyuta yake ya nyumbani huanza na swali moja: bei gani? Kwa maoni yetu, hilo lingekuwa swali la tatu. La kwanza ni kama mashine itaelewana na kompyuta aliyonayo. La pili ni kama wino wake unapatikana mjini.

Somo hili si geni katika njia ya misafara. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akijiandaa Zanzibar kwa safari ya Bagamoyo hadi Ujiji kupitia Unyanyembe, ilimbidi kwanza ajue shanga gani zinapokewa wapi. Aliandika kwamba Wanyamwezi walitaka nyekundu, na kwamba nyeusi zilikuwa fedha Ugogo lakini kwingine hazikuwa na thamani. Aliyekosea kuchagua alibebesha wapagazi mzigo usionunua chakula. Printa isiyo na wino Tabora ni mzigo wa namna hiyo hiyo.

Tuanze na kuelewana. Printa mpya karibu zote hutumia waya wa USB, lakini waya kuingia si ushahidi kwamba kazi itafanyika. Kompyuta huhitaji draiva, yaani programu ya kuiongoza printa, na baadhi ya mashine za bei ya chini zimetengenezewa Windows pekee. Nenda dukani na kompyuta yako, uchapiwe ukurasa mmoja mbele ya macho yako. Kwa mitumba, soma kibandiko cha umeme: mashine ya volti 110 hadi 120 itaungua kwenye umeme wetu wa volti 230.

Sasa hesabu. Chukua mfano, si bei za soko: printa ya katriji ni Sh 150,000, na katriji ya Sh 40,000 inatoa kurasa 200. Kila ukurasa unakula wino wa Sh 200. Printa ya tangi ni Sh 500,000, na wino wa Sh 40,000 unatoa kurasa 4,000, yaani Sh 10 kwa ukurasa. Tofauti ya bei ya Sh 350,000 inarudi baada ya kurasa zipatazo 1,850. Anayechapa ankara 10 kwa siku atafika hapo katika muda wa miezi sita hivi. Kumbuka pia kwamba katriji inayokuja ndani ya boksi mara nyingi haijajazwa sawa na ile ya dukani.

Lakini tangi si dawa ya kila mtu. Wino wa maji hukauka kwenye vitundu mashine ikikaa wiki kadhaa bila kazi. Mwenye kuchapa mara chache, maandishi meusi tu, afikirie printa ya leza, kwa kuwa tona yake ni unga na haikauki. Ila leza huvuta umeme mwingi inapopasha moto. Usiichomeke kwenye UPS ndogo. Na anayehitaji kurasa tano kwa mwezi asinunue chochote. Aende steshenari, mtaji wake ubaki kwenye bidhaa.

Tusisahau jambo moja: printa ya nyumbani haichukui nafasi ya mashine ya EFD. Risiti ya kodi bado hutoka huko.

Kabla ya kulipa, andika namba ya wino au tona, kisha uizungushe katika maduka mengine mawili au matatu ya mjini. Ikiwa inapatikana kwa muuzaji mmoja tu, huyo ndiye atakayekupangia bei kila wino utakapoisha, na siku akiishiwa utasubiri mzigo kutoka Dar es Salaam huku wateja wako wakisubiri ankara.