Taa ya Dagaa na Mipaka Miwili

Usiku usio na mbalamwezi simama ufukoni Kirumba, uzitazame taa za wavuvi wa dagaa. Siku hizi nyingine hutumia betri badala ya karabai. Betri ya volti 12 ikinyonywa mno hufa mapema, na kununua nyingine ni kula ada ya watoto. Ndiyo maana huwekwa kilinganishi, chombo cha kupima volti na kukata umeme.

Tukikipa mpaka mmoja, volti 11.5, taa itawaka na kuzima mfululizo: ikizimika, mzigo huondoka, volti hupanda, taa huwaka, volti hushuka tena. Dawa ni mipaka miwili: kata kwa 11.5, rudisha kwa 12.5.

Hesabu ni nyepesi. Kilinganishi kikipima nusu ya volti za betri, pengo la volti 1 kwake ni 0.5. Umeme utokao hurudishwa kwenye volti ya kipimo kupitia rezista. Ukibadilika kwa volti 5, weka kiloomu 10 upande wa kipimo na 90 upande wa kurudisha: 5 × 10 ÷ (10 + 90) = 0.5.

Basi ununuapo kidhibiti, uliza namba mbili: ya kukata na ya kurudisha.