Ua la Tabibu na Ua la Nakshi



Mwarobaini na mmelia ni miti ya ukoo mmoja, na majani yake huwahadaa wengi. Jani la mwarobaini lina uti mmoja, vijani vikiwa vimejipanga kando zake mbili; uti wa mmelia hugawanyika tena kuwa matawi madogo. Tofauti hiyo si ya kupuuzwa, kwani matunda ya mmelia yana sumu. Mchoro unaoificha, hata uwe mzuri namna gani, waweza kumdhuru anayeutegemea.

Je, mchoro wa mmea wapaswa kuufuata mmea wenyewe kwa kiasi gani? Kitabu cha dawa cha Dioscorides, tabibu wa Kiyunani wa karne ya 1, kilitafsiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad katika karne ya 9. Nakala zake nyingi zilitiwa picha, lakini aghalabu wachoraji walinakili picha kutoka kwa picha, si kutoka kwa mmea. Mashina yakanyooshwa, majani yakalinganishwa pande zote, hata baadhi ya mimea ikageuka nakshi: yapendeza kitabuni, haitambulikani porini.

Nakshi si kosa inapokaa mahali pake. Vigae vya karne ya 16 katika msikiti wa Rüstem Pasha mjini Istanbul vimejaa maua ya tulipu. Hakuna aendaye pale kutafuta dawa. Macho huburudika na moyo hutulia.

Kati ya njia hizi mbili alisimama Mansur, mchoraji wa mfalme Jahangir wa India. Jahangir, aliyezuru Kashmir mwaka 1620, ameandika kwamba Mansur alichora huko maua zaidi ya 100. Tulipu zake nyekundu hazina bustani nyuma yake. Ameacha mengi, lakini umbo la ua na la jani hakuliacha.

Basi hapana mchoro usioacha kitu. La kuuliza ni hili: kimeachwa nini, na mchoro ni wa nani?

Juma hili mpeni mtoto kijitawi cha mwarobaini. Na ahesabu vijani, atazame meno ya kingo zake, kisha achore mara mbili: mchoro wa kwanza wa kumwonyesha nduguye mti wenyewe, wa pili wa kudariziwa kwenye foronya. Akiweza kueleza kwa nini haifanani, amekwisha jifunza kutazama.