Taa ya Jikoni na Haki ya Anayepika

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Maswahaba wake. Ama baad.

Ndugu msomaji, Ramadhani iliyopita tulialikwa kufuturu nyumbani kwa jamaa yetu mmoja hapa Dar es Salaam. Sebuleni palipendeza. Thurea ya vioo ilining'inia katikati ya dari, balbu zake kumi na mbili zikiwaka zote, na kila aliyeingia aliinua macho akasema Masha Allah. Baada ya sala ya Magharibi na chakula niliingia jikoni kusaidia kuosha vyombo. Huko nilimkuta mama mzaa baba wa mji ule, mtu mzima aliyekwisha kula chumvi nyingi, amesimama kwenye mlango wa uani na ungo wa mchele wa daku. Alikuwa akiuinamisha huku na huku apate mwanga wa taa ya jirani, ili aone mawe. Mle jikoni mlikuwa na balbu moja tu, katikati ya dari iliyoshika masizi, na mkwewe alikuwa akikata vitunguu ndani ya kivuli chake mwenyewe. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimefungwa kitambaa.

Sikusema kitu usiku ule. Mgeni hasemi kila alionalo. Lakini nilirudi nyumbani na swali moja: tunapotia nuru ndani ya nyumba zetu, tunamtilia nani? Thurea ya sebuleni humwangazia mgeni wa saa moja. Anayetuandalia futari na daku, anayeamka saa tisa za usiku watu wengine wamelala, tumemwachia giza.

Sisemi kwamba kupamba sebule ni vibaya. Kumkirimu mgeni ni katika imani yetu. Lakini mwenye haki ya karibu zaidi ni yule tunayeishi naye. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ulipofika alitoka kwenda kusali. Habari hii imo katika Sahihi ya Bukhari. Mwenye kufuata mwendo huo hawezi kuona jikoni kuwa ni mahali pasipomhusu. Kwa hiyo safu ya juma hili ni ya akina baba kama ilivyo ya akina mama.

Mwanga uwe mahali penye kazi

Kosa kubwa la majiko yetu ni taa moja ya katikati. Meza ya kukatia, sinki na jiko vyote hukaa ukutani. Mtu akisimama mbele yake huipa taa mgongo, na mwili wake ukauziba mwanga. Hata ukiweka balbu kubwa kiasi gani, kivuli kitabaki palepale, tena kitazidi kukolea. Dawa yake ni kuugawa mwanga. Iwepo taa moja ya dari kwa ajili ya chumba kizima, kisha nyingine mbele ya mpishi: chini ya makabati ya juu, au ukutani juu ya meza. Mwanga huo utue kwenye ubao na kisu. Aliye na meza ya kulia humo jikoni anaweza kuning'iniza taa juu yake, kiasi cha sentimita 75 hadi 90 kutoka usoni mwa meza, isimpige mtu machoni wala isizibe nyuso za wanaokula.

Tumezoea kununua balbu kwa wati, lakini wati ni kipimo cha umeme unaoliwa. Mwanga unaotoka hupimwa kwa lumeni, nazo huandikwa kwenye boksi. Balbu ya kizamani ya wati 60 hutoa takriban lumeni 800. Balbu ya LED hutoa mwanga kama huo kwa wati 8 au 9 tu. Jiko la mita 3 kwa 3 linatosheka na jumla ya lumeni 2,500 hadi 3,000, zikigawanywa kati ya dari na sehemu za kazi. Penye mzee, ongeza kidogo, kwani macho kadiri yanavyozeeka ndivyo yanavyohitaji mwanga zaidi kuona kitu kilekile.

Sasa tufanye hesabu. Thurea yenye balbu kumi na mbili za kizamani, kila moja wati 40, ikiwaka saa nne kila usiku, hula uniti 57.6 kwa mwezi. Jiko lenye taa za LED za jumla ya wati 30, zikiwaka saa tano kila siku, hula uniti 4.5. Haifiki hata sehemu moja ya kumi. Kumbe giza la jikoni halikuletwa na ufukara wa umeme. Umeme ulikuwapo, ila ulikuwa ukitumika kwingine.

Kuitambua taa nzuri

Dukani kila taa inang'aa, ndiyo maana tunadanganyika. Tazama mambo haya kabla ya kutoa fedha.

La kwanza ni rangi ya mwanga. Hupimwa kwa kelvini, ikiandikwa kwa herufi K. Taa ya 2,700K hadi 3,000K hutoa mwanga wa manjano wenye utulivu, unaofaa mahali pa kulia na kupumzikia. Ya 4,000K ni nyeupe ya wastani, nayo ndiyo naipendelea jikoni. Ya 6,500K ni nyeupe yenye ubuluu. Wengi huinunua wakidhani ndiyo kali zaidi, kumbe ni rangi tu, na usiku huwa baridi machoni.

La pili ni uaminifu wa taa kwa rangi za vitu. Kipimo chake huandikwa Ra au CRI, na ukomo wake ni 100. Usikubali chini ya 80, na ukipata 90 ni bora zaidi. Chini ya taa mbovu, nyama iliyoanza kuharibika na nyama nzima hufanana, na mchicha mbichi huonekana umenyauka. Mpishi anahitaji kuuona ukweli wa chakula chake.

La tatu ni volti. Umeme wetu ni wa volti 230, lakini sote tunajua unavyopanda na kushuka. Chagua taa iliyoandikwa kuwa inastahimili masafa mapana ya volti.

La nne ni joto na mvuke. Balbu ya LED haipendi kufungiwa ndani ya kopo la kioo lisilopitisha hewa, maana joto huua kifaa chake cha ndani mapema. Kwa hiyo taa ya kufunikwa iwe imeandikwa kuwa inafaa kufunikwa. Karibu na sinki, tafuta alama ya IP44, ambayo maana yake ni kuwa maji yakirukia hayaingii ndani.

La tano ni ushahidi. Tazama alama ya ubora ya TBS, au ya ZBS kwa walioko Zanzibar. Omba risiti na dhamana. Mwambie muuzaji aiwashe, kisha ielekezee kamera ya simu. Ukiona michirizi mizito ikitembea kwenye kioo cha simu, taa hiyo inapepesa hata kama jicho halitambui, na macho huchoka nayo. Hakikisha pia kitako cha balbu, cha pini au cha kuzungusha, kinalingana na holda yako.

Usalama kabla ya urembo

Mtume wetu (s.a.w.) alituagiza kuzima taa tunapolala, akataja kuwa panya anaweza kuuburuta utambi akawaunguza watu wa nyumba. Taa za utambi zimekwisha katika nyumba nyingi za mjini, lakini panya wako palepale, na leo hutafuna waya. Mafunzo ya agizo lile hayajazeeka: moto wa nyumbani huanza na kitu kidogo kilichopuuzwa.

Kwa hiyo usimpe kazi ya umeme kijana yeyote anayepita na bisibisi. Tumia fundi mwenye leseni, ambayo Tanzania Bara hutolewa na EWURA. Aunge waya ndani ya kisanduku chake, asizungushie utepe na kuzificha juu ya dari. Ahakikishe nyumba ina waya wa ardhini na swichi inayokata umeme wenyewe unapovuja. Friji, birika na mashine ya kusagia visitegemee soketi moja ya kuunganishia. Aidha swichi ikae mbali na mkono wenye maji.

Na hili naomba lisomwe kwa sauti nyumbani. Wengi tumehamia kwenye gesi, nayo ni neema, kwani imetuondolea moshi. Lakini gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa: ikivuja hutambaa chini na kujikusanya sakafuni. Ukiamka kwa ajili ya daku ukasikia harufu yake, usiwashe taa. Wala usiizime ikiwa inawaka, kwa sababu cheche ndogo ya swichi yatosha kulipua chumba. Funga mtungi ikiwa unaufikia salama, fungua milango na madirisha, toa watoto nje, kisha tafuta msaada. Mfundishe hata binti wa kazi, maana mara nyingi yeye ndiye anayetangulia kuingia jikoni.

Kulifufua jiko bila kulibomoa

Jiko lililochoka mara nyingi halihitaji kubomolewa. Linahitaji kuoshwa. Anza na kuta na dari. Mafuta na masizi yasuguliwe kwa maji ya moto na sabuni, kisha yasuuzwe. Rangi ikipakwa juu ya mafuta hubanduka baada ya miezi michache, na gharama ikawa mara mbili. Tengeneza bomba linalovuja kabla ya rangi, si baada yake, na uache ukuta ukauke kabisa. Kisha chagua rangi hafifu yenye mng'ao kidogo, ya aina inayooshika. Ukuta mweupe au wa rangi ya maziwa huurudisha mwanga chumbani, hivyo taa ileile itaonekana imeongezeka nguvu.

Makabati yakiwa mazima, badilisha vishikio na bawaba tu, uyapige msasa na kuyapaka rangi. Vigae vikiwa imara, kwangua saruji iliyoingia weusi katikati yake na utie mpya. Kazi ya siku mbili kama hii hubadilisha sura ya jiko kuliko watu wanavyodhania.

Na katika pambo, kwa nini tutafute mbali? Nyumba za kale za mawe za Lamu zilikuwa na zidaka ukutani, vijishubaka vya chokaa vilivyopangwa kwa ustadi, vikawekwa vyombo vya thamani. Rafu nyepesi ya mbao yaweza kutupa uzuri wa namna ile, tukapanga chupa za iliki, mdalasini na bizari, lakini mbali na jiko, kwa kuwa joto na mwanga mkali huondoa harufu ya viungo. Tundika kawa la ukindu lenye rangi. Sinia la shaba la bibi lililofichwa uvunguni, lisuguliwe kwa ndimu na chumvi, lisimamishwe lionekane. Ndipo jiko litakapokuwa na sura ya wenyewe.

Fedha na mashauriano

Neno la mwisho ni la mfuko. Qur'ani imetuonya dhidi ya ubadhirifu, na pia imetuonya dhidi ya uchoyo, ikausifu mwendo wa kati. Kukopa kwa riba ili kupata jiko kama la jirani ni kununua mwanga kwa giza. Bali fanyeni kwa awamu: mwezi huu taa ya mbele ya mpishi, mwezi ujao rangi, baada yake makabati. Mume na mke wakae washauriane, na mwenye kutumia jiko aulizwe kwanza, kwa maana yeye ndiye anayejua kivuli kinamwangukia wapi. Vinavyotolewa vikiwa bado vizima na salama, vipelekwe madrasa au kwa jirani mhitaji, iwe sadaka.

Mwezi uliopita nilipita tena kwa wale jamaa zetu. Thurea ingali sebuleni, ila huwashwa kwa wageni tu, na balbu zake sasa ni za LED. Jikoni wamefunga taa mbili juu ya meza, na dari imepakwa nyeupe. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda na ungo wake mapajani, mlango wa uani umefungwa. Alinionyesha kijiwe kidogo kati ya vidole viwili, akacheka: "Huyu angevunja jino la mtu."

Usiku wa leo, ndugu msomaji, baada ya sala ya Isha, ingia jikoni kwako usimame pale anaposimama anayekupikia. Ushike kisu, ukitazame kivuli chako. Hapo utajua la kufanya.

Tunamwomba Allah (s.w.t.) azitie nuru nyumba zetu na nyoyo zetu, azihifadhi na moto wa dunia na wa Akhera, na awalipe kheri wanaotupikia. Amin. Wabillahi tawfiq.