Sambaza na ndagala: ndugu wawili, tabia mbili



Juma lililopita, tukiwa sokoni mbele ya beseni za samaki, mmoja wetu aliuliza: sambaza si ndagala tu aliyebadilishiwa jina? Wengi tuliitikia ndiyo. Kumbe tulikosea.

Ni ndugu kweli. Wote ni wa jamaa ya sardini, na asili yao ni ziwa Tanganyika. Lakini ndagala ni mdogo, hapiti santimeta 10 hivi. Sambaza anaweza kufika 17 huko kwao, ingawa hapa kwetu hakui sana hivyo. Ndagala anakula vidudu vinavyoelea majini. Sambaza anavila pia, ila akikomaa anakula na samaki wadogo, hata watoto wake mwenyewe.

Mwaka 1959 na 1960, vitoto vya samaki hawa wawili vililetwa kutoka Tanganyika na kutiwa katika ziwa Kivu. Sambaza peke yake ndiye aliyeshika. Ndiye yule anayevuliwa usiku kwa taa, mitumbwi mitatu ikiwa imefungwa pamoja. Ndagala wa kweli anayefika Goma akiwa mkavu ametoka mbali.

Kuna tofauti nyingine inayotuhusu sana. Ndagala hutaga mayai katikati ya ziwa. Sambaza hutaga karibu na ukingo, na watoto wake wanakulia hapo hapo. Basi anayekokota chandarua cha mbu ukingoni anazoa samaki ambao hawajazaa hata mara moja. Leo amejaza sahani, kesho beseni ni tupu na bei imepanda. Na nyumbani kwake mtoto analala bila chandarua, malaria inamngoja.

Sisi wa Kanyaruchinya hatuna ukingo wa ziwa, lakini pesa ya sokoni iko mikononi mwetu. Tukubaliane mambo mawili. Sambaza wembamba kama sindano tusiwanunue, na muuzaji tumwambie sababu kwa upole. Vyandarua vibaki juu ya vitanda.

Na tukipata sambaza waliokomaa, tuwale pamoja na mifupa, kwa maana mifupa hiyo inajenga mifupa ya watoto wetu. Kwa mtoto anayeanza kula, tuwakaushe, tuwasage, tuchekeche vizuri, kisha tutie kijiko kimoja ndani ya uji.

Tuonane juma lijalo.