Mzigo wa Nyumbani Hupakiwa na Wawili

Ndugu msomaji, mwezi wa Desemba ukaribiapo, Wahaya waishio Dar es Salaam huwa na mazungumzo mamoja: kwenda nyumbani. Zamani safari hiyo ilikuwa ya garimoshi hadi Mwanza, kisha meli kuvuka Ziwa Victoria. Siku hizi wengi hupita barabarani, mwendo wa kiasi cha kilomita 1,400, na wapo wenye gari dogo wafungao tela nyuma.

Katika nchi za Ulaya na Marekani, mume na mke husafiri wakikokota kijumba chenye vitanda na jiko, wakalala watakapo. Tela letu halina kitanda. Limejaa mabati, magodoro, cherehani na nguo za wazee. Ni mzigo wa heshima, lakini ndio uwezao kuvunja heshima ndani ya nyumba.

Tuchukue mfano wa mume ambaye kwao ni Maruku, na mkewe ambaye kwao ni Muleba. Wote wawili hufanya kazi, na mishahara huwekwa pamoja. Tela likishajaa, mabati ni ya Maruku, magodoro ni ya Maruku, na cherehani ni ya wifi. Mama mzazi wa mke amewekewa khanga moja katika mkoba. Nayo barabara haifichi kitu: ikitoka Biharamulo hupita Muleba kwanza, ndipo ifike Bukoba. Mke atapita penye njia ya kwao, naye mume atasema, "Tutawaona wakati wa kurudi." Wakati wa kurudi, fedha zimekwisha na siku za likizo nazo zimekwisha.

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mume huona neno dogo, kumbe mwenzake amelibeba tangu Dar es Salaam. Kwa hiyo yafaa, mwezi mmoja kabla ya safari, wawili waketi na karatasi. Upande mmoja yaandikwe ya kwao mume, upande wa pili ya kwao mke. Chini yake ziandikwe fedha za petroli, chakula na malazi, na zile za shule ambazo Januari haisamehe. Fedha zisipotosha, kipunguzwe kitu pande zote mbili.

Tela nalo lina haki yake. Vitu vizito vikae chini, juu ya ekseli na mbele yake kidogo. Vikielemea nyuma, tela huyumba na kuliyumbisha gari. Kagua taa, upepo wa magurudumu na mnyororo wa usalama. Katika mteremko wa Sekenke, baada ya Singida, tela husukuma gari kwa nyuma. Tia gia ndogo tangu juu, wala usikanyage breki mfululizo hata zikapata moto. Aidha, mwenzi aketiye kando si mzigo mwingine. Akisema, "Umechoka, tulale hapa," asijibiwe kwa ukali. Kuchelewa siku moja kuna aibu gani, ikiwa wote watafika wazima?

Na wakati wa kurudi? Mikungu ya ndizi, kahawa na senene ni zawadi njema. Lakini usichimbe machipukizi ya migomba katika kibanja na kuyapandisha juu ya tela. Mnyauko wa migomba uliingia mkoani Kagera mwaka 2006, na machipukizi yenye ugonjwa ndiyo mojawapo ya njia zinazousambaza. Hapo hapo Maruku pana kituo cha utafiti wa kilimo kinachoshughulikia migomba. Mwenye kutaka mbegu aulize huko kwanza.

Ndugu msomaji, mzee atakapowatolea kahawa ya kutafuna, atawatazama nyuso kabla ya kuyahesabu mabati. Mabati machache yaliyoletwa na wawili wanaosemezana yatamfurahisha kuliko paa zima lililoletwa na wawili walionuniana tangu Muleba. Simameni kwa mama pia, mkafike Maruku mkiwa wamoja.

Safari njema.